Vitabu ulivyomaliza karibuni: toa alama, taja toleo, sema kwa nini

Fundi Jalada

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa vitabu vya Kiswahili ulivyosoma mpaka ukurasa wa mwisho, vya zamani na vipya. Tukubaliane kwanza namna ya kutoa alama, maana "8/10, kitabu kikali" haimsaidii mtu aliyesimama dukani na fedha ya kitabu kimoja tu mkononi.

Anayechangia ataje jina la kitabu kama lilivyo kwenye jalada, mwandishi, mchapishaji na mwaka. Alama 10 zigawanywe hivi: hadithi na mpangilio wake 3, lugha 3, wahusika 2, uhariri na chapa 2. Kisha aseme kitabu kinamfaa nani na msomaji atakwama wapi. Usitoboe mwisho. Ukilazimika kutoboa, andika NATOBOA kwenye mstari wake, ruka mistari mitatu, ndipo uendelee.

Naanza na *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, Mkuki na Nyota, 1999. Hadithi 2.5, lugha 3, wahusika 2, chapa 1. Jumla 8.5.

Ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmini, binti wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa. Anaondoka kwenye nyumba ile, na kuanzia hapo kitabu kinabeba mambo mawili kwa pamoja: binti anayetafuta maisha yake mwenyewe, na siasa za chini kwa chini za akina Denge wanaosakwa na polisi wa mkoloni. Mwandishi amefanikiwa kwa sababu hakuyatenganisha. Siasa inaingia kupitia mlango wa mapenzi, na mapenzi yanalipa gharama ya siasa.

Nusu alama niliyokata kwenye hadithi ni ya sehemu ya kati. Kusakwa, kukamatwa na kuponyoka kunajirudia kwa namna zinazofanana, na hapo ndipo wasomaji wengi hukiweka kando. Kina kurasa zaidi ya 250, kwa hiyo jipangie kurasa 25 hadi 30 kwa siku, usikikate katikati kwa wiki nzima. Ukikiacha siku nyingi utasahau nani ni mpelelezi na nani ni mwenzetu.

Kinamfaa mtu mzima yeyote, hata yule ambaye hajagusa riwaya tangu amalize shule. Ukikitafuta kwenye orodha za maduka, andika herufi n na alama ya ritifaa ('). Ukiandika "nikuvute" mara nyingi hakitokei.

Mtoto wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Ahsante Fundi kwa kufungua mlango huu.

Alama za lugha ulizompa Adam Shafi ni haki yake. Kiunguja chake ni cha barazani, sentensi fupi, mazungumzo yanakwenda mbio. Lakini mtu asidhani Kiunguja chote cha riwaya kiko hivyo. Mkabala wake uko Mohamed Suleiman Mohamed, *Nyota ya Rehema*, Oxford University Press, 1976. Hadithi 3, lugha 3, wahusika 2, chapa 1.5. Jumla 9.5, na kwangu ni miongoni mwa riwaya tano bora za lugha hii.

Mwandishi huyu haendi mbio. Anaweza kukaa ukurasa mzima kwenye hali ya hewa au uso wa mtu mmoja, na kila neno limepimwa. Rehema anakataliwa na babake, Fuad, tangu utotoni, na hadithi inamfuata hadi mjini na kurudi shamba alipo Sulubu. Jambo la kushika kwa makini ni ardhi: shamba linatolewa kwa mdomo, bila hati. Msomaji anayepita pale haraka hataelewa robo ya mwisho ya kitabu.

Watu wanakwama sura mbili za mwanzo kwa sababu ya msamiati. Tafuta *Kamusi la Kiswahili Fasaha* ya BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ya 2010. Ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya 1981 ni nzuri, lakini maneno mengi ya visiwani hayamo au yamepewa maana moja tu. Usifungue kamusi kila neno. Pigia mstari kwa penseli, maliza sura, kisha tafuta yale tu yaliyojirudia mara tatu au zaidi. Yaliyotokea mara moja, muktadha utakupa.

Asiyeweza kuanza na *Nyota*, aanze na *Kiu* ya mwandishi huyohuyo, ya 1972. Ni nyembamba, ni Bahati, Idi na Bwana Mwinyi, watu watatu wenye kiu tatu tofauti: mapenzi, pesa, na uzee unaotaka ujana. Naipa 8.

Hesabu Sahihi

Fundi, napinga kipimo kabla ya vitabu. Alama 2 za "uhariri na chapa" zinampunja mwandishi. Kitabu kimoja kina toleo la 1978 lenye herufi safi na chapa ya baadaye yenye kurasa zilizofifia. Mwandishi ni yuleyule, maneno ni yaleyale, ila anapoteza alama kwa kosa la mashine. Ukilinganisha watu wawili waliosoma chapa mbili, unalinganisha karatasi.

Fundi Jalada

Hoja nzito hiyo, mkuu. Tutenganishe. Kazi ipewe alama zake 10: hadithi 4, lugha 4, wahusika 2. Nakala ipewe herufi pembeni: A safi, B inasomeka kwa taabu kidogo, C usinunue. Kwa hesabu mpya *Vuta n'kuvute* inakuwa 3.5, 4 na 2, yaani 9.5, nakala B.

Na kwa kuwa tumegusa nakala, nieleze namna ya kuikagua kabla hujalipa, maana hasara nyingi zinatokea hapa.

Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa huchapwa pande zote, ikakunjwa, ikatoa kurasa 16 au 32 kwa mkupuo. Mikunjo hiyo hupangwa, ikaunganishwa kwa uzi au gundi. Kosa la kawaida ni mkunjo mmoja kusahaulika au kuwekwa mara mbili. Ndiyo maana unakuta kitabu kinaruka kutoka ukurasa wa 32 hadi wa 49, au kurasa za 65 hadi 80 zipo mara mbili. Huna haja ya kufungua kitabu kizima. Angalia namba za kurasa kwenye 16–17, 32–33, 48–49, 64–65, uendelee hivyo hadi mwisho. Kurasa za mwanzo zisizo na namba zinaweza kusogeza hesabu kidogo, kwa hiyo tazama na kurasa mbili tatu za kila upande.

Pili, fungua katikati kabisa. Nakala iliyodurufiwa kwa wizi huwa maneno yanazama kwenye mgongo, kwa sababu kitabu cha asili hakikulala bapa kwenye mashine. Picha ya jalada huwa na ukungu, na vijitundu vya herufi kama a na e vimezibwa na wino. Tatu, soma ukurasa wa haki: jina la mchapishaji, mwaka wa toleo la kwanza, mwaka wa chapa hiyo, namba ya ISBN. Ukurasa huo ukikosekana, irudishe rafuni. Mwandishi hapati hata senti kwenye nakala hiyo.

Kisauni

Maalim Fundi na wenzangu, salamu kutoka Mombasa. Naona mmeanza na riwaya. Nami naleta diwani, maana mashairi yanahukumiwa vibaya kuliko kitu chochote kingine: mtu anasoma kama gazeti kisha anasema "sikuelewa, 5".

*Sauti ya Dhiki*, Abdilatif Abdalla, Oxford University Press, Nairobi, 1973. Lugha 4 kati ya 4. Kwa kuwa si hadithi, zile nne za kwanza nazipeleka kwenye fikra na umbo: 4. Wahusika hakuna, kwa hiyo mbili zilizobaki nampa kwa sauti, yaani yule "mimi" anayesema: 2. Jumla 10.

Mashairi haya yalitungwa gerezani. Mshairi alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?* wa 1968, na aliandika kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, katika nchi ileile iliyomfunga. Ukijua hayo kabla ya shairi la kwanza, kila beti inabadilika uzito.

Kinachowakwamisha watu wa bara ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Kanuni chache zinatosha kufungua zaidi ya nusu ya mlango.

Ch ya Kiunguja mara nyingi ni t kwetu: macho ni *mato*, kichwa ni *kitwa*, chini ni *tini*, chozi ni *tozi*. Nj inakuwa nd: njia ni *ndia*, njaa ni *ndaa*.

Wakati timilifu hauna -me-. Unakaa mwishoni mwa kitenzi: nimeshika ni *n'shishiye*, amesimama ni *simeme*, amelala ni *lele*. Hapa ndipo msomaji mgeni anapopotea kabisa, kwa sababu anatafuta "shishiye" kwenye kamusi na haipo. Rudisha kwenye mzizi: shika.

Kirejeshi kinakaa mkiani. Chukueni jina la shairi moja lililo maarufu kwenye diwani hii, *N'shishiyelo ni lilo*. N' ni mimi, shishiye ni nimeshika, lo ni lile. Yaani: nililolishika ndilo hilohilo, siachii. Sasa hesabuni mizani, yaani silabi: n', shi, shi, ye, lo, ni, li, lo. Nane. Ukiimeza ile n' unapata saba na kipande kinachechemea. N' yenye ritifaa ni mizani kamili, kama m ya *mtu*: m-tu, mbili. Lakini m ya *mbuzi* imeshikana na b: mbu-zi, mbili pia, si tatu. Anayehesabu mbuzi kuwa tatu atamshtaki mshairi kwa kosa asilolifanya.

Soma kwa sauti. Shairi la bahari likisomwa kimya hubaki nusu. Mara ya kwanza soma bila kusimama, mara ya pili simama kwenye kituo cha katikati ya mshororo, mara ya tatu ndipo utafute maana. Mashairi mawili kwa siku yanatosha.

Nuru ya Simu

Samahani wakuu, swali. Wengi tunasoma kwenye simu. Mashairi yanaharibika sana, mistari inakatika. Kuna njia?

Kisauni

Ipo. Mshororo wa shairi la kawaida ni mizani 16, vipande viwili vya nane nane. Simu ikisimama wima haiwezi kuubeba kwa herufi za kawaida, unakatika na kipande cha pili kinaonekana kama mshororo mpya. Beti ya mishororo minne inageuka minane, vina vya kati vinaonekana vya mwisho. Laza simu ubavu, punguza herufi mpaka mshororo wote ukae mstari mmoja. Utenzi hauna shida hii kwa sababu mshororo wake ni mfupi, mizani nane kwa kawaida. Anza nao kama huna njia nyingine.

Tatizo kubwa zaidi ni nakala zilizosomwa na mashine kutoka kwenye picha. Mashine inaangusha ritifaa: *ng'ombe* inakuwa "ngombe", *n'shishiyelo* inakuwa "nshishiyelo". R na n zikikaribiana inaandika m. Ukiona beti inapungua mizani moja, shuku nakala kabla ya kumshuku mshairi.

Mkulima wa Ziwani

Nimemaliza *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, Dar es Salaam University Press, 1990. Hadithi 3.5, lugha 4, wahusika 1.5. Jumla 9. Nakala B.

Msimulizi hana jina. Anasafiri kwenye nchi ya ukimya, anakutana na wazee, wendawazimu na vitabu, akimtafuta paa anayeonekana na kupotea. Majina ya wanafalsafa wa Ulaya yanapita humo kama wapita njia. Kurasa ni chini ya 80, lakini kila ukurasa una uzito wa tatu.

Hesabu Sahihi

Na mimi nimekisoma. Hadithi 1, lugha 3, wahusika 0. Jumla 4. Mkulima, nieleze kwa heshima kabisa: hadithi iko wapi? Mtu anatembea, anaona kitu, kinatoweka, anatembea tena. Hakuna anachotaka kinachoeleweka, hakuna anayempinga. Mwandishi huyuhuyo alitupa *Rosa Mistika* mwaka 1971, ambamo Zakaria, Regina na Rosa ni watu unaowaona wakila na wakilia. Rosa naipa 9 bila kusita. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na ukisoma unaona ilichoma wapi: malezi ya vitisho ndiyo yanayomwangusha binti. *Nagona* inamwangusha msomaji.

Mkulima wa Ziwani

Mkuu, umepima mtumbwi kwa kipimo cha baiskeli. Kipimo cha Fundi kinauliza "hadithi na mpangilio". Kwenye *Nagona* mpangilio ni duara, si mstari. Picha zinarudi: ukimya, duara, paa, mwanga. Kila zikirudi zimeongezeka maana. Ukisoma ukingoja "kisha ikawaje", hutapata kitu. Uliza "hii nimeiona wapi?" na kitabu kitaanza kusema.

Na tukumbuke alikotoka. Kezilahabi alimaliza shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Miaka mitano baadaye ndiyo *Nagona*. Swali lake ni moja: je, tunaweza kufikiri upya tangu mwanzo, bila kuazima njia za kufikiri za wengine? Ndiyo maana wanafalsafa wanapita tu, hawapewi kiti.

Hesabu Sahihi

Hapo umenifungua kidogo. Lakini kitabu kinachohitaji maelezo kutoka nje ya jalada, alama zake si pungufu?

Mwalimu wa Kidato cha Nne

Niingilie kati, ndugu zangu, kwa kuwa mjadala huu tunaukuta darasani Kenya kila mwaka. Kuna tofauti kati ya kitabu kinachohitaji maarifa na kitabu kisichoeleweka. *Kusadikika* ya Shaaban Robert, ya 1951, nayo inahitaji ujue kwamba iliandikwa chini ya ukoloni. Mtu asiyejua anaona nchi inayoelea angani, Karama akishtakiwa na Waziri Majivuno, na wajumbe sita waliotumwa pande sita wakarudi na mawazo mema kisha wakafungwa. Anayejua anaona baraza halisi la mkoloni. Lakini yule asiyejua bado ana hadithi mkononi, anaelewa nani amedhulumiwa. *Nagona* haimpi msomaji huyo ngazi ya chini ya kukanyaga. Kwa hiyo nyote wawili mna haki, ila mnawapa alama wasomaji wawili tofauti. Napendekeza vitabu vya aina hii vipewe alama mbili: ya usomaji wa kwanza na ya usomaji wa pili.

*Kusadikika* naipa 8 kwa usomaji wa kwanza, na 8 kwa wa pili. Udhaifu wake ni kwamba ukishasoma mjumbe wa tatu unajua wa nne atarudi na nini. Dawa ni kusoma mjumbe mmoja kwa kikao kimoja na kujiuliza sheria gani imevunjwa safari hiyo.

Neno moja kuhusu miongozo. Mwanafunzi anayesoma mwongozo wa *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora kabla ya riwaya yenyewe anaharibu kitabu. Anamjua Mtemi Nasaba Bora kama "kiongozi dhalimu" kabla hajamsikia akizungumza, na Amani na Imani wanabaki kuwa majibu ya mtihani. Soma riwaya mara moja nzima, bila kalamu. Mara ya pili na kalamu. Mwongozo uje wa tatu, kwa kukagua ulichoruka. Riwaya naipa 7.5: lugha imejaa methali na majina yenye maana, wakati mwingine imejaa kupita kiasi, mhusika anatajwa na tayari jina limeshamhukumu.

Mama Wawili

Shikamooni walimu. Natafuta kitabu cha mtoto wa miaka 14 anayesoma Kiswahili vizuri lakini amechoshwa na vitabu vya shule. Asichoke ukurasa wa kumi.

Mwalimu wa Kidato cha Nne

Marahaba mama. *Siku Njema* ya Ken Walibora, 1996. Kijana Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba yake upande wa magharibi wa Kenya. Ni safari, kila sura ina mji na mashaka mapya, na Kiswahili chake ni kitamu bila kuwa kizito. 8.5. Mtoto atakwama kwenye misemo michache tu. Mwache aipite, asisimamishwe.

Mtoto wa Mji Mkongwe

Nami naongeza *Adili na Nduguze*, Shaaban Robert, 1952. Mfalme Rai anapata habari ya liwali anayewachapa manyani wawili kila usiku. Kwa nini? Mtoto hawezi kukiacha hapo. Lugha ni ya kale kidogo, kwa hiyo msomee wewe kurasa tano za mwanzo kwa sauti, kisha mwachie.

Fundi Jalada

Kama anapenda mafumbo, mpe Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, ila mpe kwa mpangilio: *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974). Kila kimoja kinajitegemea, lakini uhusiano wa Msa na rafiki yake Najum unakua. Cha kwanza 7.5. Mwandishi hukusanya watu wote mwishoni na kueleza kila kitu kwa kirefu. Wengine wanalipenda hilo. Kwangu maelezo ya mwisho yanazidi urefu. Ukitaka kujipima, funga kitabu kabla ya sura za mwisho, andika jina la mhalifu na sababu tatu, kisha endelea.

Bandari Kavu

Naleta tafsiri: *Peponi*, yaani *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota, 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Naipa 9, nakala A.

Tafsiri isihukumiwe kwa kuuliza tu kama "inasomeka". Chagua sehemu tatu: mazungumzo ya watu wa chini, maelezo marefu ya mahali, na neno moja ambalo Kiingereza hakina pumzi nalo. Katika kitabu hiki neno hilo ni la ukoo. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, yaani amewekwa rehani, wakati yeye anamwona Aziz kama ndugu wa familia. Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Sisi tunaye ami na tunaye mjomba, na kila mmoja ana haki na wajibu wake. Kisha Khalil anamwambia Yusuf aache kumwita Aziz kwa neno hilo la ukoo, amwite seyyid, yaani bwana. Sentensi ile kwa Kiswahili inauma zaidi, kwa sababu kinachong'olewa ni ukoo mzima, si adabu tu. Soma sehemu hiyo taratibu.

Linganisha na *Mabepari wa Venisi* ya Mwalimu Nyerere, 1969, tafsiri ya *The Merchant of Venice*. Shakespeare alisema mfanyabiashara. Mwalimu akasema mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lililotangaza ujamaa. Huo si utelezi wa mtafsiri, ni msimamo. Kama tafsiri ya neno kwa neno utamkata alama. Kama kazi ya Kiswahili ya wakati wake, jalada lenyewe ni hoja. 8.

Hesabu Sahihi

Nimerudi kwenye *Nagona* kwa ushauri wa Mwalimu wa Kidato cha Nne. Ninaweka hapa namna niliyoisoma safari hii, anayetaka aitumie.

Kikao cha kwanza, soma chote kwa siku mbili bila kurudi nyuma. Usipigie mstari chochote. Kikao cha pili, chukua karatasi, chora safu nne: ukimya, duara, paa, mwanga. Kila picha ikitokea, andika namba ya ukurasa na neno moja la hali yake, kwa mfano "mbali", "karibu", "umevunjika". Kurasa 15 kwa siku, si zaidi. Ukimaliza, soma safu kutoka juu kwenda chini. Hapo ndipo mwendo wa kitabu unaonekana, na nakiri upo. Kikao cha tatu ni *Mzingile* ya 1991, isomwe ndani ya wiki hiyohiyo, kwa sababu inaendeleza safari ileile na picha zikipoa kichwani utaanza upya. Humo msimulizi anapeleka habari ya msiba kwa mzee Kakulu. Ukiwa na *Nagona* mkononi utamtambua mzee huyo haraka.

Alama: *Nagona* usomaji wa kwanza 4, usomaji wa pili 7.5. Wahusika sasa nawapa 0.5 tu. Sikubali zaidi ya hapo, Mkulima.

Mkulima wa Ziwani

Nimezipokea, mkuu. Kwenye safu zako ongeza ya tano: vicheko. Anza kuhesabu tangu mwanzo, kisha tazama vinaishia mikononi mwa nani.

Fundi Jalada

Nimesahihisha alama kwa kipimo kipya, na *Nagona* imewekewa alama za kila mmoja wenu. Mwenye *Kuli* ya Adam Shafi, ya 1979, aliyoisoma karibuni aje na alama. Nataka hasa kusikia mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja wa 1948 umemfikia vipi, na kama anaona kama mimi kwamba Rashidi wa nusu ya kwanza ni mtu, na wa nusu ya pili anaanza kuwa hotuba.